Pampu Isiyo na Hatia

Miongoni mwa kazi zinazomfikia fundi umeme wa magari ipo moja ambayo kwa nje haina fahari yoyote, kwa sababu ikimalizika vizuri huenda pasiwe na kipuri kipya cha kumwonyesha mwenye gari, na pengine kilichobadilika ni skrubu moja iliyokazwa au ncha ya waya iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Hata hivyo inadai utulivu wa akili ambao kazi nyingi za kelele na grisi hazidai. Nayo ni kutafuta hitilafu katika saketi ya pampu ya mafuta, yaani njia nzima ambayo umeme huipita kutoka kwenye betri hadi kwenye mota ndogo iliyozama ndani ya tangi la petroli, kisha ukarudi betri kwa kupitia bodi ya gari. Dalili zake zinajulikana na madereva wengi: stata inazungusha injini kwa nguvu zote na taa za dashibodi zinawaka kama kawaida, lakini injini haishiki, au inashika, gari linatembea kilomita kadhaa, kisha linafifia na kuzimika kana kwamba mafuta yamekwisha, ilhali geji inaonyesha nusu tangi. Ufundi wa kuzisoma dalili hizo unastahili sifa zaidi ya zile unazopewa, kwa kuwa kiini chake ni kukataa kuamini jambo lolote kabla halijapimwa.

Anayelaumiwa kwanza huwa ni pampu yenyewe. Katika maeneo ya gereji na spea kama Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala, pampu ina jina, ina bei, na mnunuzi huchagua kati ya mpya na ya mtumba, ilhali kipande cha waya kilichooza ndani ya mkanda wa plastiki hakina jina wala bei wala duka. Lawama hiyo hupata nguvu kutokana na ushahidi wa uongo ambao umewapotosha hata mafundi wenye miaka mingi kazini, kwamba mara nyingi pampu mpya hulifanya gari liwake. Kuitoa pampu ya zamani kunamlazimu fundi aichomoe soketi iliyo juu ya tangi, na kuirudisha kunazisugua pini zake na kuondoa utando mwembamba wa kutu uliokuwa ukizuia umeme, kwa hiyo gari huwaka kwa msuguano huo wa bahati wala si kwa kipuri kilicholipiwa. Baada ya muda utando hurudi, gari huzimika tena, na sasa pampu mpya huitwa feki. Pampu mbili zisizo na kasoro hutupwa namna hiyo kwa kosa la pini moja.

Ili kuona kwa nini saketi hii ni ngumu kuihukumu, inafaa kujua ilijengwa kwa nia gani. Katika magari ya kabureta, pampu ya mafuta kwa kawaida ilikuwa kifaa cha kimakanika kilichosukumwa na kamshafti, ambayo ni fito yenye vinundu inayofungua valvu za injini, na pampu hiyo ilivuta petroli kwa shinikizo dogo na kusimama yenyewe injini iliposimama. Mfumo wa kunyunyiza mafuta kwa nozeli zinazoamriwa na umeme, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliuingiza sokoni mwaka 1967 kwa jina la D-Jetronic katika gari la Volkswagen 1600, ulihitaji shinikizo kubwa zaidi na lisiloyumba, na hitaji hilo ndilo lililoipa pampu mota ya umeme. Katika Toyota Corolla AE110, gari ambalo kwa miaka mingi limekuwa teksi, usafiri wa familia na darasa la mafundi wa Afrika Mashariki, injini ya 5A-FE ya lita 1.5 hutaka shinikizo la kilopaskali 265 hadi 304, yaani takriban kilo 2.7 hadi 3.1 kwa kila sentimita ya mraba, linapopimwa huku mpira wa vakyumu wa rigyuleta, kifaa kinachodhibiti shinikizo hilo, ukiwa umechomolewa. Mota inayotoa shinikizo hilo hukaa ndani ya petroli yenyewe, ikipozwa na kulainishwa na mafuta yale yale inayoyasukuma. Na wanaoogopa kwamba cheche za mota zingelipua tangi husahau kwamba ndani ya tangi mvuke wa petroli kwa kawaida ni mzito mno, na hewa ni haba mno, kiasi kwamba mchanganyiko wao hauwezi kushika moto.

Hatari ya kweli ilikuwa nje ya tangi. Gari likigongwa na bomba la mafuta likakatika huku ufunguo ukiwa bado umewashwa, pampu inayotii ufunguo peke yake ingeendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto na watu wakiwa wamebanwa ndani. Kwa hiyo wabunifu walitengeneza saketi isiyomwamini dereva. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 kazi hiyo ilipewa rilei maalumu ya pampu, rilei ikiwa ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme ili mkondo mdogo uamuru mkondo mkubwa. Rilei hiyo ina koili mbili, yaani misokoto miwili ya waya mwembamba inayogeuka sumaku umeme ukipita. Ya kwanza hupata umeme wakati stata inazungusha injini, basi. Ya pili hupata chanya kutoka rilei kuu ya mfumo wa mafuta, lakini hasi yake, kwenye pini iliyoandikwa Fc, hutolewa na kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi wa Tanzania huiita kontroboksi; na kompyuta haiitoi hasi hiyo mpaka ipokee ishara iitwayo NE, ambayo ni mapigo ya sensa yanayothibitisha kwamba injini inazunguka. Mapigo yakikatika, pampu husimama hata kama ufunguo haujaguswa. Katika injini za zamani kidogo, kama 22R-E ya Toyota Hilux, uthibitisho ulitolewa na hewa yenyewe: kilango kilichosukumwa na upepo unaoingia kwenye injini kilifunga swichi ndogo ya pampu, na fundi aliyetaka kuijaribu aliwasha ufunguo, akakisukuma kilango kwa kidole, akategea sikio nyuma ya gari.

Yapo mengi ya kuvutia katika mpango huo, lakini linalomhusu mchunguzi ni kwamba pampu iliyonyamaza yaweza kuwa inatii amri. Sensa ya mzunguko ikifa, kompyuta haioni injini ikizunguka na haitoi Fc. Pampu itafanya kazi wakati stata inashikwa, kwa sababu ya ile koili ya kwanza, kisha itanyamaza ufunguo ukiachiwa, na cheche za plagi nazo zitakuwa zimepotea tangu mwanzo. Fundi anayekagua plagi kabla ya kugusa tangi hupata katika dakika chache habari ambayo mwenzake aliyeanza kwa kung'oa kiti cha nyuma ili aifikie pampu hataipata mchana kutwa, kwani vitu viwili vinapopotea pamoja, cheche na mafuta, kosa hutafutwa pale njia zao zinapokutana. Vilevile kuna suala la mazoea. Katika magari ya watengenezaji wengi pampu huvuma kwa sekunde 2 hivi mara ufunguo unapowashwa, ili kujaza shinikizo kabla ya stata. Toyota nyingi za rilei iliyoelezwa hapo juu hazifanyi hivyo, na fundi aliyezoea aina nyingine ya gari huweza kuutafsiri ukimya huo wa kawaida kuwa kifo.

Fundi aliyekomaa hafuati waya sentimita kwa sentimita kutoka betri hadi tangini. Huanzia katikati, kwenye rilei, kwa sababu hapo saketi hugawanyika mara mbili: upande wa amri na upande wa nguvu. Katika rilei zinazofuata kanuni ya Ujerumani ya DIN 72552, ambayo imeenea hata kwenye rilei za madukani, pini 30 hupokea umeme wa betri, pini 87 huupeleka kwenye mzigo, na pini 85 na 86 ni ncha mbili za koili. Rilei ikichomolewa, kisha tundu la 30 likaunganishwa na la 87 kwa waya wenye fyuzi ya ampea 15, maswali kadhaa hujibiwa kwa tendo moja: pampu ikivuma, basi tangi, pampu, nyaya zake na hasi yake viko hai, na kosa limo ndani ya rilei au katika amri; pampu isipovuma, amri haina haja ya kuchunguzwa kwa sasa. Toyota iliwarahisishia mafundi jambo hili kwa kuweka karibu na injini kisanduku cha uchunguzi chenye matundu ya +B na Fp, ambayo yakiunganishwa ufunguo ukiwa umewashwa hupeleka umeme moja kwa moja kwenye pampu, na mpira wa mafuta ukibanwa kwa vidole huonekana kujaa. Umaridadi wa jaribio hili uko katika mahali linapofanyikia, kwani fundi hachomeki wala hachomoi kitu karibu na mvuke wa petroli.

Lakini kuwa hai si sawa na kuwa mzima, na hapa ndipo ufundi huu unapoachana kabisa na kazi ya kubadilisha vipuri. Kosa lililoenea kuliko yote ni la fundi anayechomoa soketi ya pampu, akagusisha mita kwenye pini zake, akasoma volti 12.6 na kutangaza kwamba umeme umefika, hivyo pampu imekufa. Volteji ni msukumo wa umeme, na msukumo waweza kuwepo kamili mahali ambapo hakuna kinachoweza kupita. Mita ya kidijitali ya kawaida ina ukinzani wa ndani wa takriban megaomu 10, kwa hiyo katika kupima volti 12.6 huchukua mkondo unaozidi kidogo mikroampea 1, ilhali pampu ya gari dogo huchukua kama ampea 5, yaani mkondo ulio mkubwa karibu mara milioni 4. Waya uliokatika nyuzi zake zote isipokuwa uzi mmoja unaweza kuipa mita kila inachotaka. Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule huko Köln, alichapisha mwaka 1827 uhusiano unaoeleza jambo hili, kwamba volti zinazopotea katika kizuizi ni sawa na ampea zinazopita zikizidishwa kwa omu za kizuizi hicho. Pini yenye kutu ya nusu omu hupoteza volti 2.5 pampu inapovuta ampea 5, na haipotezi chochote kinachoonekana pampu ikiwa imechomolewa. Kwa maneno mengine, kosa hujificha kila linapotafutwa kwa njia ya kuchomoa.

Dawa yake ni kupima wakati kazi inaendelea. Soketi huachwa mahali pake, pampu huachwa ikivuma au ikijaribu kuvuma, na ncha za mita hupitishwa nyuma ya soketi mpaka ziguse chuma. Kisha badala ya kuuliza waya una volti ngapi, fundi huweka ncha moja ya mita mwanzo wa waya na nyingine mwisho wa waya ule ule, naye husoma kile ambacho waya umekula njiani. Mwaka 1845 Gustav Kirchhoff, akiwa mwanafunzi wa miaka 21 mjini Königsberg, alionyesha kwamba volti zote zinazotumika katika mzunguko mmoja zikijumlishwa ni lazima zilingane na zile za chanzo, na kanuni hiyo humpa fundi wa gereji daftari la hesabu lisilokubali wizi. Betri ikiwa na volti 12.6 na pampu ikipata 10.1, volti 2.5 hazikuyeyuka, zimetumika mahali fulani panapoweza kufikiwa. Fyuzi na soketi yake vikionyesha 0.1, midomo ya rilei 0.3, na waya mrefu wa kwenda nyuma 0.2, basi 1.9 zilizobaki zimo katika njia ya kurudi, hata kabla fundi hajaigusa. Furaha ya hesabu inayofunga namna hii haijulikani sana nje ya gereji, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vya fizikia vya shule huifundisha kanuni ya Kirchhoff kwa michoro ya betri na balbu zisizo na mahali popote duniani, ilhali gari bovu lipo nje ya dirisha la darasa.

Mafundi wengi wasio na mita wamelifikia jambo hilo hilo kwa njia yao, kwa balbu ya taa kubwa ya mbele. Balbu ya wati 55 huvuta kama ampea 4.6 kwenye volti 12, karibu sawa na pampu, na ikiunganishwa mahali pa pampu huilazimisha saketi ibebe mzigo wa kweli: ikiwaka kwa mwanga mweupe njia ni nzima, ikiwaka nyekundu kama kaa la moto kuna mahali panapobana. Kifaa hicho cha bei ndogo husema kweli ambayo mita ghali huificha ikishikwa vibaya. Kina hatari moja kubwa, nayo ni kukitumia kwenye nyaya zinazotoka kwenye kompyuta. Transista inayotoa hasi ya Fc imepimiwa koili ya rilei, inayovuta sehemu ndogo tu ya ampea, na balbu ya wati 55 inaweza kuiunguza mara moja. Ndiyo maana testa ya balbu kubwa na testa ya taa ndogo ya diodi hukaa katika sanduku moja la vifaa bila kubadilishana kazi.

Njia ya kurudi, yaani upande wa hasi, ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, pengine kwa sababu mazoea ya lugha ya gereji ni kuuliza kama umeme umefika, wala si kama umerudi. Katika Toyota waya wa hasi kwa kawaida ni mweupe wenye mstari mweusi, nao hufungwa kwa skrubu kwenye bodi mahali palipofichwa na zulia au pembeni mwa buti, ambapo maji ya kuoshea gari, unyevu wa mvua na, kwa miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Zanzibar, chumvi ya hewa ya bahari hukusanyika bila kuonekana. Kutu ya chuma huonekana kwa rangi yake, lakini shaba iliyooza chini ya ganda la waya huwa kijani au nyeusi na haijulikani mpaka ganda lipasuliwe. Fundi wa pwani aliyezoea huuanza uchunguzi wake hapo hapo kwenye skrubu ya bodi, na hapaswi kulaumiwa kwa kuruka hatua, kwa kuwa mazingira yamekwisha kumpunguzia orodha ya watuhumiwa.

Magumu zaidi ni makosa yanayokuja na kuondoka. Mfano unaojulikana na mafundi wa nchi nyingi ni rilei kuu ya Honda za miaka ya 1980 na 1990, iliyofungwa chini ya dashibodi, ambayo ndani yake viungo vya risasi ya kulehemu hupasuka kwa ufa mwembamba usioonekana bila kioo cha kukuzia. Gari huegeshwa juani adhuhuri, joto ndani hupanda, ufa hupanuka, na dereva akirudi injini huzungushwa bila kushika. Jioni likipoa huwaka bila lawama, na fundi aliyeitwa halioni kosa. Pampu hubadilishwa, kisha plagi, kisha nozeli. Mchunguzi anayeuliza maswali kabla ya kushika spana, hasa ni saa ngapi na gari lilikuwa limeegeshwa wapi, hufika kwenye kosa haraka kuliko mwenye mashine ya kusoma misimbo ya kompyuta, kwa kuwa si lazima ufa wa rilei uache msimbo wowote. Naye huweza kulithibitisha kosa kwa kuipasha rilei joto kwa kikaushia nywele mpaka ikatae, kisha akavigusa viungo vyake upya kwa chuma cha kulehemu na kuipasha tena. Kulilazimisha kosa litokee mbele ya macho ni nusu ya kulitibu.

Halafu kuna kazi za mikono ya watu wengine. Mchoro wa kiwanda ukiwa mezani, fundi huweza kukuta ndani ya dashibodi nyaya ambazo mchoro hauzijui: alamu iliyofungwa ikaharibika ikaachwa, swichi ya siri ya kuwazuia wezi ambayo mwenye gari wa kwanza hakumwambia wa pili, kifaa cha kufuatilia gari la mkopo chenye rilei ya kulizima kwa mbali, au, kwa magari ya abiria nchini Kenya, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa ambacho sheria ya mwaka 2003 iliyosimamiwa na Waziri John Michuki ilikifanya cha lazima, na ambacho baadhi ya aina zake hufanya kazi kwa kuukata umeme wa pampu. Vifaa hivyo vyenyewe aghalabu havina ubaya. Ubaya umo katika viungo vyake, yaani waya wa pampu uliokatwa katikati na kusokotwa kwa vidole, ukafungwa utepe ambao gundi yake huyeyuka kwa joto la dashibodi. Na hata kiwanda kina siri zake, kwani Ford nyingi na baadhi ya Land Rover zina swichi ya mshtuko inayokata umeme wa pampu gari linapogongwa, nayo wakati mwingine hujikata kwa shimo kubwa la barabara, ikawa tiba nzima ni kubonyeza kitufe.

Kinyume cha uchunguzi ni kile ambacho lugha ya gereji hukiita kupiga dairekti, yaani kuuchukua waya wa pampu na kuuunganisha na umeme wa swichi bila rilei, bila kompyuta na bila idhini ya NE. Gari huwaka, malipo hutolewa, na mwenye gari huondoka akiwa na furaha, akiendesha chombo ambacho kitaendelea kusukuma petroli siku kitakapopinduka. Tendo hilo laweza kusamehewa usiku porini, kwa kilomita zinazotosha kufika mjini, lakini likiachwa kuwa matengenezo ya kudumu ni uzembe, hata likifanywa kwa mikono hodari. Ndugu yake ni fyuzi iliyoungua inayofungwa karatasi ya bati ya pakiti ya sigara: fyuzi ya ampea 15 iliyokatika imetoa habari ya thamani kubwa, kwamba mahali fulani mkondo umezidi, na kuifunga bati ni kuinyamazisha habari hiyo ili waya wenyewe uje kuisema kwa moshi.

Wakati mwingine, ni lazima ikubaliwe, pampu ina hatia. Waya wa hasi umepimwa, rilei imepimwa, pampu inapata volti zake zote, na bado haivumi au inavuma bila kufikisha shinikizo. Hapo ampea ndizo huzungumza: mkondo ulio chini sana huonyesha kaboni zilizokwisha, yaani vijiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya mota, na mkondo uliopanda sana huonyesha mota inayokwama au inayosukuma dhidi ya filta iliyoziba. Desturi ya kuligonga tangi kwa nyundo ya mpira mpaka pampu iamke ina msingi wake, kwani mtikisiko huzirudisha kaboni mahali pake. Lakini mtikisiko huo huo huitikisa soketi, kwa hiyo gari lililoamshwa kwa nyundo limemtaja mmoja kati ya watuhumiwa wawili bila kusema ni yupi. Mchunguzi mwema haishii kwenye hukumu. Hutaka kujua pampu iliuawa na nini, kwa sababu dereva anayeweka mafuta kidogo kidogo kila siku na kutembea na taa ya akiba ikiwaka huiacha mota nje ya petroli inayoipoza, na filta isiyobadilishwa huipandishia mkondo mpaka plastiki ya soketi iliyo juu ya tangi iyeyuke. Soketi hiyo ikikutwa imeungua, kosa la umeme lina mama yake katika mafuta, na kubadilisha pampu bila filta ni kuianzishia pampu mpya safari ile ile.

Magari ya karibuni yamelifanya somo kuwa refu zaidi bila kulifuta. Baadhi ya Toyota zenye nguvu za miaka ya 1990 tayari zilikuwa na kizuizi cha makusudi kilichoishusha kasi ya pampu injini ilipohitaji mafuta machache, na leo magari mengi hutumia moduli inayokata na kurudisha umeme wa pampu mara nyingi kwa sekunde ili kuurekebisha wastani wake. Mita ikionyesha volti 8 kwenye pampu ya namna hiyo, si lazima kuna kitu kilichopotea. Yawezekana ndizo volti zilizoamriwa, na fundi asiyesoma mchoro ataanza kutafuta kutu ambayo haipo. Chombo kinachofaa hapo ni osiloskopu, mashine inayochora umbo la umeme kadiri muda unavyopita, na ikifungwa pamoja na kibano cha kupimia mkondo huonyesha kinundu kimoja kwa kila kipande cha shaba ambacho kaboni hukigusa, hivi kwamba kipande kimoja kilichochakaa huonekana kikirudi kila mzunguko wakati pampu bado inafanya kazi.

Linalobaki gumu ni malipo. Mwenye gari huuliza kilichobadilishwa, na fundi aliyetumia saa tatu kugundua skrubu moja hana cha kumwekea mkononi, ilhali yule aliyebahatisha ana pampu nzima na boksi lake; hivyo soko humtuza anayekosea kwa kipuri na kumnyima anayepatia kwa akili. Baadhi ya gereji zimeanza kutoza ada ya uchunguzi peke yake, ilipwe hata kama hakuna kilichonunuliwa, na wateja hulalamika mara ya kwanza. Malalamiko hupungua pale vipimo vinapoandikwa kwenye risiti, kabla na baada: volti kwenye pampu injini ikiwaka, 10.4, skrubu ya hasi ya buti imefunguliwa, imesuguliwa na kukazwa, volti kwenye pampu, 13.5, pampu ni ile ile.